Nyumba Iliyoupa Mtaa Kisogo

Teksi haifiki mlangoni. Dereva husimama nje ya lango la mji wa kale wa Marrakech, huzima injini, kisha huonyesha kwa kidevu kichochoro ambacho bajaji ingekwama. Hapo hutokea kijana mwenye mkokoteni, akapakia masanduku na kuondoka kwa hatua ndefu bila kugeuka nyuma. Mgeni humfuata. Kulia kwa muuza viatu vya ngozi, kushoto penye bomba la maji la mtaa, chini ya tao linalomlazimu mtu mrefu kuinama, pikipiki ikimpita ubavuni na honi yake, mpaka kichochoro kinaishia ukutani. Ukuta wenyewe ni mtupu, rangi ya udongo mwekundu, hauna hata dirisha moja la kuchungulia. Mlango upo, mdogo, mbao zimechakaa. Kibao cha jina la nyumba hakizidi kiganja.

Mgeni aliyelipia wiki tatu kabla, baada ya kuona picha za birika na michungwa, hapo tumbo humshika. Ametapeliwa.

Kisha mlango unafunguliwa. Hauoni ua bado; kuna ujia wenye giza unaopinda, wenyewe huuita setwan, uliopindishwa makusudi ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Hatua chache, kona moja, na kelele za mtaa zinakatika kama redio iliyozimwa. Maji yanachuruzika mahali fulani. Kuna michungwa minne, sakafu ya vigae vidogo vidogo, vyumba vilivyopangwa pande zote vikitazamana, na juu kuna mraba mmoja wa mbingu. Mlango uliochakaa ulikuwa kazi yake kuchakaa.

Aliyekulia Lamu hapa hashangai sana. Nyumba za mawe za kule nazo humpokea mtu dakani, zikamkatisha kona kabla ya kumfikisha kwenye kiwanda, neno ambalo watu wa bara hulijua kwa saruji na sukari, lakini kwa Waamu ni ua wa ndani ulio wazi juu. Mantiki ni moja. Uzuri wa nyumba ni wa wenye nyumba. Mtaa unapewa kisogo.

Neno riadi lisichanganywe na riadha ya mbio. Kwa Kiarabu ni wingi wa raudha, yaani bustani, na kila mwenye shangazi aitwaye Raudha ana nusu ya neno hili nyumbani kwao. Kwa maana kali, riadi ni nyumba yenye bustani katikati: vitalu vinne vilivyogawanywa na njia mbili zinazokatana, na chemchemi pale zinapokutana. Nyumba yenye ua uliosakafiwa, bila bustani, huitwa dar. Biashara ya utalii imeifuta tofauti hiyo, na siku hizi kila nyumba ya wageni yenye uwazi katikati hujiita riadi, hata kama kijani chote ni mlimau mmoja ndani ya chungu. Kiswahili kimebahatika katika hili. Kwetu ua ni uwanja wa ndani, na ua ni kile kinachochanua. Neno moja linatosha nyumba nzima.

Umbo lenyewe ni la zamani. Marrakech ilianzishwa na watawala wa nasaba ya Murabitun mnamo 1070, na waliochimba karibu na msikiti wa Kutubiyya katika karne iliyopita walikuta mabaki ya bustani ya namna hii katika kasri la Ali ibn Yusuf, aliyetawala kuanzia 1106 hadi 1143. Asiyetaka kulipia kitanda anaweza kuliona umbo hilo katika kasri la Bahia, lililokuzwa na waziri mkuu Ba Ahmed hadi kifo chake mwaka 1900. Ndani ya kasri hilo kuna riadi kubwa na riadi ndogo, na ile ndogo, kwa jicho la mwandishi huyu, ndiyo iliyopata kipimo sahihi: mtu akisema neno upande mmoja, wa upande wa pili anajibu bila kupaza sauti.

Namna nyumba hizi zinavyopambana na joto haihitaji umeme. Julai, jua la Marrakech hupita nyuzi 40 bila taabu. Usiku hewa baridi ni nzito, hushuka uani na kujaa humo kama maji ndani ya beseni. Kuta za udongo ulioshindiliwa ni nene, na joto la mchana huzichukua saa nyingi kulipenyeza. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba haukuweza kuzidi boriti ya mbao iliyobeba dari. Wajenzi wa Lamu walibanwa na urefu wa mikoko, wa Morocco wakabanwa na mierezi na miti mingine ya kwao. Ndiyo maana kitanda cha watu wawili, kilichobuniwa kwa vyumba vya sura nyingine kabisa, katika riadi huwekwa kwa kubanwa ukutani, na anayelala upande wa ndani huamka usiku kwa kumruka mwenzake.

Bafu hupakwa tadelakt, chokaa ya sehemu za Marrakech inayosuguliwa kwa jiwe laini la mtoni na kufungwa kwa sabuni nyeusi ya mafuta ya zeituni, mpaka ukuta hauingizi maji na kiganja kikipita juu yake huteleza kama juu ya yai. Chini na kwenye kuta kuna zellige. Hapa inafaa kusimama kidogo. Fundi huketi chini, mguu umekunjwa, mbele yake kipande cha kigae kilichopakwa rangi ya kung'aa na kuchomwa tanuruni. Kwa nyundo nzito yenye makali anakikata kuwa nyota, msalaba, mlozi, vijipande vingine vidogo kuliko ukucha. Kisha huja kazi inayomshangaza kila anayeiona mara ya kwanza. Nakshi hupangwa kifudifudi. Upande wa rangi unalala chini, mpangaji anaona migongo ya udongo tu, yote ya rangi moja, na anajua kwa kumbukumbu kwamba hii ni ya kijani na ile jirani yake ni ya buluu. Akimaliza, anamwagia mchanganyiko wa kushikiza mgongoni, unakauka, bamba zima linainuliwa na kugeuzwa. Hapo ndipo yeye mwenyewe huona alichofanya. Kosa likiwepo, limeshaganda.

Mgeni hukanyaga kazi hiyo asubuhi akienda kunywa chai, na Januari huikanyaga kwa kurukaruka. Vipeperushi havisemi kwamba Marrakech ina baridi. Usiku wa majira hayo unaweza kushuka hadi nyuzi tano au sita, na nyumba iliyojengwa kulikimbia joto haijui kulitunza. Ua uko wazi, mvua inanyesha ndani ya nyumba, vigae vinakuwa barafu. Wenye nyumba wengi siku hizi hufunika ua kwa kioo au turubai la kusogezwa, na mraba wa mbingu ukawa mraba wa plastiki.

Jambo la pili lisilosemwa ni masikio. Madirisha yote yanatazama uani, hivyo ua unasikia kila kitu. Mume na mke wa chumba cha chini wakinong'onezana kuhusu bei ya zulia, wa chumba cha juu anajua walipunjwa kiasi gani. Nyumba hizi hazikujengwa kwa watu wasiojuana. Zilijengwa kwa ukoo mmoja, babu, wana, wake zao, wajukuu na watumishi, ambao siri zao zilikuwa za wote.

Na hao wako wapi?

Wafaransa waliitawala Morocco kuanzia 1912 hadi 1956, na mkuu wao wa kwanza, Lyautey, aliamua kuiacha miji ya kale ilivyo na kujenga miji mipya kando yake kwa ajili ya Wazungu. Uhuru ulipokuja, matajiri wa Fes na Marrakech walihamia huko kwenye miji mipya, au Casablanca kabisa, kufuata magari, maji ya bomba na vyeo. Majumba ya kale yakakodishwa chumba kwa chumba kwa familia zilizotoka mashambani. Palipoishi ukoo mmoja pakaishi familia tano, sita, kila moja na jiko lake la gesi uani. Mirathi ikaongeza fundo juu ya fundo. Nyumba moja warithi arobaini, wengine wako ng'ambo, wengine hawasemezani, hakuna wa kukubali kuuza na hakuna wa kupaka chokaa. Msomaji wa Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Kila mtaa wa mji wa kale una nyumba iliyoanguka huku wenyewe wakisubiriana mahakamani.

Mji wa kale wa Fes uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, wa Marrakech mwaka 1985. Katika miaka ya 1990 Wazungu, Wafaransa kwa wingi, wakaanza kununua. Walichokilipia riadi mbovu kisingewatosha chumba kimoja na jiko mjini Paris. Walikarabati, wakagundua ukarabati haukomi, wakafungua vyumba kwa wageni ili nyumba ijilipie. Mwaka 2002 sheria ya Morocco namba 61-00 ikaipa nyumba ya wageni nafasi yake rasmi miongoni mwa majengo ya kitalii. Wamoroko nao wakaingia kwenye biashara hiyo. Nchi iliyopokea wageni milioni 17.4 mwaka 2024 haikosi watu wa kuwalaza.

Kwa hiyo anayedhani analala katika desturi ya karne nyingi anajidanganya kidogo. Nyumba ni ya zamani, desturi ni mpya kuliko simu ya mkononi. Msafiri wa zamani asiyekuwa na mwenyeji hakulala riadi. Alilala funduki, jengo la wafanyabiashara, wanyama na mizigo chini, watu juu. Funduki ya Nejjarine mjini Fes, ya karne ya 18, ingali imesimama na sasa ni makumbusho ya sanaa za mbao. Ndani ya riadi mgeni aliingia kwa kualikwa tu, na mgeni mwanamume aliishia sebule ya wageni.

Yupo Mmoroko mmoja aliyelijua jambo hili kuliko wengi, naye aliwahi kufika kwetu. Ibn Battuta alizaliwa Tangier mwaka 1304, na mwaka 1331 alishuka pwani ya Afrika Mashariki: Mogadishu, Mombasa, Kilwa. Anasimulia kwamba merikebu ikitia nanga Mogadishu, vijana wa mji waliiendea kwa vijimashua, kila mmoja na sinia la chakula lililofunikwa, akampa mfanyabiashara mmojawapo na kusema: huyu ni mgeni wangu. Kuanzia hapo mfanyabiashara hakushukia popote isipokuwa kwa mwenyeji huyo, naye ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Haikuwa sadaka. Ilikuwa biashara yenye sinia mbele. Pengine hiyo ndiyo njia ya haki ya kuitazama chai ya nanaa anayopewa mgeni wa leo akiwa bado anahema kwa kufuata mkokoteni, birika limeinuliwa juu ili chai ishuke na povu. Imo ndani ya bei, na bado ni karibu.

Asubuhi huletwa mikate. Msemen, chapati ya tabaka iliyokunjwa mraba. Baghrir, yenye matundu juu kama chila, ikilowa siagi na asali. Ndege mdogo wa rangi ya kutu na kichwa cha kijivu hutua mezani bila woga na kuokota makombo. Watu wa Marrakech humwita tibibt, hawamfukuzi, huingia vyumbani na misikitini apendavyo. Katika nyumba iliyojengwa kuwazuia watu, yeye hakuwahi kuhitaji mlango.

Mikate hiyo, mara nyingi, imepikwa na mwanamke anayeitwa Dada.

Msomaji wa Dar es Salaam atatabasamu, maana naye anaye dada wa kazi nyumbani, au aliwahi kuwa naye. Tabasamu lisidumu sana. Katika majumba makubwa ya Fes na Marrakech, dada alikuwa mwanamke mweusi aliyenunuliwa, au binti wa walionunuliwa, waliovushwa jangwa la Sahara kutoka kusini. Ndiye aliyepika, akalea watoto wa bwana, akayahifadhi mapishi ya ukoo kichwani bila kuandika hata mstari. Wafaransa waliyafunga masoko ya wazi ya watumwa, lakini nyuma ya ujia unaopinda utumwa uliendelea kwa miongo. Zanzibar ina hesabu zake za namna hiyo. Soko lilifungwa 1873, utumwa ukafutwa kisheria 1897, na masuria wakaachwa wasubiri hadi 1909, kwa kuwa wao walikuwa ndani. Ukuta usioonyesha bustani hauonyeshi aliye jikoni pia. Leo jina Dada hutajwa kwa fahari kwenye menyu, kama cheti cha mapishi halisi, na anayelibeba ni mfanyakazi wa mshahara. Ni vyema. Lakini menyu ingeweza kuwa na sentensi moja zaidi.

Fatema Mernissi, mwanasosholojia aliyezaliwa Fes mwaka 1940 na kufariki 2015, aliandika juu ya utoto ndani ya nyumba ya aina hii katika kitabu chake cha mwaka 1994, Dreams of Trespass. Wasomaji wengi hukumbuka ua wake, ulionyooka na wenye mipaka, na mlinzi wa langoni. Lakini maisha yenyewe katika kitabu hicho yako juu. Paani ndipo wanawake walipopandia kuigiza michezo yao, wakivaa, wakiimba, mbali na macho. Katika miji hii paa lilikuwa la wanawake. Palianikwa nguo na nafaka, habari zilivuka kutoka paa hadi paa, na mwanamume mwenye adabu hakuonekana huko mchana.

Usiku wa tarehe 8 Septemba 2023, saa tano na dakika kumi na moja, ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 6.8. Kitovu kilikuwa milimani, Al Haouz, na huko ndiko walikokufa wengi wa watu karibu 3,000 waliopoteza maisha. Mjini Marrakech kuta za udongo zilipasuka, mnara wa msikiti mdogo kwenye uwanja wa Jemaa el-Fna ukaporomoka. Kichochoro kilichokuwa fahari ya mtaa kikawa mtego, kwa kuwa kinatoka upande mmoja tu. Wageni na majirani walikimbilia uwanjani na kulala chini, blanketi kwa blanketi. Huenda kwa wengi wao ndio usiku pekee walioonana sura.

Maana kwa siku za kawaida hawaonani. Fes, ambako magari hayaingii mji wa kale kabisa na mizigo hubebwa na nyumbu, jirani ni sauti inayopiga kelele “Balak!”, yaani pisha. Shabiki wa Taifa Stars aliyekwenda Fes Desemba 2025 kwa mechi na Nigeria, akajitia kuzurura mji wa kale, alilisikia neno hilo kabla ya kipenga. Wakati wa Ramadhani jirani ni nafari, mpiga tarumbeta ndefu anayeamsha watu kula daku, kazi ambayo Unguja hufanywa kwa ngoma. Mgeni hugeuka upande wa pili wa kitanda, akigonga ukuta.

Jioni hupanda paani. Karibu kila riadi ya wageni imeweka viti huko, mito, meza ya shaba, taa za kamba. Ni mahali pazuri kuliko pote katika nyumba, na ndipo penye swali zito kuliko yote. Wajenzi walimnyima mpita njia dirisha, wakapinda ujia, wakazungusha ukuta mnene, ili asiingize jicho. Sasa jicho limepandishwa ngazi na kuketishwa juu na kinywaji mkononi, na chini yake kuna nyua za majirani ambao hawakuuza nyumba zao. Mwanamke anayeanika mashuka huinama nyuma ya shuka. Baadhi ya familia zimeinua uzio wa matete juu ya kuta za paa. Wengine wameacha kupanda saa za wageni. Hakuna sheria ya utalii inayowafidia kwa hilo, na mwandishi huyu haoni kwamba picha nzuri ya machweo inatosha kuwa fidia.

Kwa hiyo neno moja kwa atakayekwenda. Siku ikiwa haina vumbi, kutoka paani huonekana milima ya Atlas, na kati ya Desemba na Machi vilele vyake huwa na theluji; Toubkal, mrefu kuliko yote huko kaskazini mwa Afrika, una mita 4,167. Kiti kigeuzwe upande huo. Milima iko kusini.